Mafuta ya Simsim Kwenye Rimu

Jumamosi, Agosti. Pajulu.

Riziki,

Leo mvua ilitutisha asubuhi, halafu haikunyesha. Mawingu yalikaa upande wa Arua Hill mpaka saa sita, hewa ikawa nzito, na mbao zangu zikanuka ubichi. Sikufanya kazi. Mteja aliyeagiza kitanda alipokuja nilimwambia arudi Jumatatu.

Leo ndiyo siku ambayo Furaha alikuwa aje kuchukua baiskeli yako.

Wanaosoma ukurasa huu wanajua kwamba Furaha ni mdogo wako, na kwamba anauza unga wa muhogo kule Koboko kama wewe ulivyokuwa ukiuza hapa Arua. Baada ya maziko wazee walikaa, wakasema baiskeli iende kwake, kwa kuwa mimi na wewe hatukupata mtoto. Nilikubali mbele ya watu.

Nilikubali kwa mdomo tu.

Moyoni nilikuwa nimeandaa maneno mengine. Ningemwambia, shemeji, tuiache kwanza mpaka mvua ziishe. Na mvua zikiisha ningetafuta sababu nyingine. Lakini kwa kuwa anakuja, niliona ni aibu aikute na vumbi. Basi nikaamua kusafisha rimu za magurudumu.

Niliigeuza juu chini barazani, ikasimama kwa kiti na usukani, kama ulivyokuwa ukifanya Jumapili baada ya kanisa. Mimi sikuwahi kuzisafisha. Ilikuwa kazi yako, na hukupenda mtu aiguse.

Nimeona jambo ambalo sikulijua. Ule mstari ambao raba za breki zilikuwa zikiusugua, uliokuwa uking'aa kuliko sehemu nyingine zote, ndio umeanza kushika kutu. Kwingine bado kuna ule mng'ao wa kiwandani. Pale breki ilishaula mng'ao huo, na kilichokuwa kikizuia kutu ni safari zako tu.

Penye vichwa vya spoki nilichokoa kwa kijiti. Ukatoka udongo mwekundu, kisha kitu cheupe kigumu. Unga. Unga wa gunia la siku gani, sijui. Niliushika kiganjani nikakosa mahali pa kuuweka. Nikautia mfukoni mwa shati.

Nilipozungusha gurudumu la nyuma lilitoa ule mlio wake, tiki-tiki-tiki, mlio wako wa kuingia uani huku unaisukuma. Riziki, mlio huo mimi huusikia hata baiskeli ikiwa imeegemezwa ukutani. Huja jioni, soko linapofungwa. Nimeshanyanyuka mara nyingi kwenda kufungua geti. Juzi nilifungua, nikasogea pembeni ili upite.

Nilisimama pale pembeni muda mrefu.

Sijamwambia mtu. Nani nimwambie? Wewe ulikuja Arua hujui Kilugbara, mimi sikujua lugha ya kwenu Congo, basi Kiswahili kikawa lugha ya nyumba yetu. Sasa nyumbani sina wa kusema naye. Ndiyo maana naandika hapa.

Nilisugua kwa maji na jivu mpaka kutu ikaondoka. Chuma kikawa safi lakini kimefifia, hakina uhai. Dirishani kuna ile chupa yako ya mafuta ya simsim, yale ya nywele, imebaki kidogo chini. Mimi ni seremala. Mkono wangu ukimaliza kupiga msasa hautulii mpaka upake mafuta. Nikachukua kitambaa, nikazipaka rimu zote mbili, ya mbele na ya nyuma, taratibu, mpaka zikang'aa kama siku tulipoinunua.

Baraza lote likanukia wewe.

Furaha alifika kabla sijanawa mikono. Alikuwa amekuja na gari la asubuhi kutoka Koboko, na alianza kunitania kabla hata ya kuketi, kama kawaida yake.

"Shemeji! Hii ni baiskeli ao ni bibi-arusi? Umemupamba namna hii, nani anamuoa?"

Nilicheka. Nilitaka kuanza maneno yangu ya mvua, lakini alikuwa ameshaigeuza na kuipanda. Alisema anaijaribu tu mpaka bombani. Unaijua njia yetu, inavyoteremka kwa nguvu ikipita kwa Mama Sunday. Nilimwangalia mgongo wake ukishuka. Kitambaa cha kichwani alikuwa amekifunga kisogoni, kama wewe.

Kisha nikaona mikono yake inabana breki, na baiskeli haisimami.

Haikupunguza mwendo hata kidogo. Nilisikia anapiga kelele. Nilianza kukimbia. Alikata kona ghafla, akaingia juu ya turubai la Mama Sunday, katikati ya muhogo ulioanikwa, akaanguka.

Nilipofika alikuwa amelala chali, vipande vya muhogo kila mahali, na Mama Sunday amesimama juu yake, mikono kiunoni.

"Fundi! Baiskeli yako iko nakula muhogo yangu! Si ungeipa majani?"

Furaha alikuwa anacheka. Goti limechubuka, damu inatoka, anacheka mpaka machozi. Alipitisha kidole kwenye rimu, akakinusa.

"Shemeji," akasema, "mutu anapaka rimu mafuta? Breki itashika nini? Wewe ni fundi ya viti, hii haina miguu ine."

Kisha akaniangalia vizuri.

"Kama hutaki niichukue, sema tu. Usinitume kwa dada na mafuta yake."

Aliisema kama utani, na Mama Sunday akacheka. Lakini mimi iliniingia. Tangu wakati ule najiuliza. Nilisahau kwamba breki inahitaji chuma kikavu, au sikutaka kukumbuka? Mkono wangu ulijua nini ambacho mimi sikukijua? Nakuapia, Riziki, sikuwaza ubaya. Lakini nilipomwona amelala pale kwenye muhogo, na kitambaa kichwani kama chako, niliona kama nimekuua mara ya pili, wewe ambaye uliuawa na homa na si na mimi.

Tuliokota muhogo wote, tukauanika upya. Tukaisukuma baiskeli mpaka nyumbani. Furaha akafunga goti, akaomba sabuni ya unga, jivu na maji ya moto. Nikamwambia akae, mimi ndiye nimeiharibu. Akasema nimeshasaidia vya kutosha.

Alisafisha jinsi ulivyokuwa ukisafisha. Alianzia kwenye tundu la vali, akaviringisha kitambaa kidoleni, akakipitisha katikati ya kila spoki, akiivuta rimu kidogo kidogo kwa mkono wa kushoto, mpaka vali ikarudi. Nilikuwa nimekaa nyuma yake nikisugua raba za breki kwa msasa ili mafuta yatoke. Sikuuona uso wake. Niliona shingo, na mkono unaokwenda na kurudi. Ndoo ilikuwa karibu kuisha.

Nikasema, "Riziki, nikuongezee maji?"

"Ee," akaitika.

Aliitika.

Msasa ulinidondoka. Gurudumu liliendelea kuzunguka peke yake, kisha likasimama. Furaha hakugeuka. Alikamua kitambaa, akasema polepole:

"Hata mimi, shemeji. Juzi nilimuwekea chai. Ikapoa pale mezani, nikamukasirikia kwamba anachelewa."

Basi si mimi peke yangu. Unatembea mpaka Koboko. Sijui kama hilo linanifariji au linanitisha. Labda yote mawili.

Tuliongeza maji, tukamaliza. Rimu hazikung'aa. Zilibaki na rangi ya kijivu, kavu. Nilipanda mwenyewe nikateremka nayo mpaka bombani, nikibana breki kila hatua. Ilisimama. Nikarudia tena. Ilisimama.

Niliporudi alikuwa amesimama getini na mkoba wake. Alikuwa ananipa nafasi. Yale maneno ya mvua yalikuwa mdomoni kabisa.

"Utaipanda kila siku?" nikamuuliza.

"Kila siku, shemeji. Nitaipanda mpaka ikwishe."

Mpaka iishe. Nilitaka aseme ataitunza, ataifunika kitambaa, ataiweka ndani. Hakusema hivyo. Anayo magunia ya kubeba na watoto wa kulisha. Nikafikiria ule mstari wa kutu, jinsi ulivyokuja haraka hapa kwangu, ambako nilikuwa naitunza.

"Chukua," nikasema.

Nilimsindikiza mpaka barabara kubwa. Kijana wa pikapu aliifunga juu ya magunia, nikamfungulia zile kamba nikazifunga upya mwenyewe, akalalamika kwamba namchelewesha. Furaha alikaa mbele. Alinipungia mkono akaniambia nile, nisiwe nalala na chai tu. Kisha wakaondoka kuelekea Koboko.

Sasa ni jioni. Amenipigia simu, wamefika salama, na Jumatatu anaanza kupeleka unga sokoni. Nimekula. Baraza ni pana mno, nimesogeza kiti mahali ilipokuwa ikiegemezwa, halafu nikakiondoa tena.

Sijui niombe nini leo. Sitaki urudi kunitisha, na sitaki uache kuja. Nimebaki mtu mmoja asiye na mtoto wa kumtaja, na mimi nikiondoka, wa kwetu wataniongelea kidogo kisha watakuwa na shughuli zao. Hilo sio kosa lao.

Lakini huko uliko, kama watu huulizana habari za walikotoka, nitaje. Sema kuna seremala Pajulu, alikuwa mume wako, hajui kusafisha baiskeli.

Unikumbuke, Riziki.