Kitumbua cha Kwanza cha Zuhura

Mwanangu Mwanaisha,

Salamu kutoka Chanika, kwenye mvua na tope la kunata. Anayeniandikia ni jirani, maneno ni yangu.

Ulinituma nimrudishe Zuhura Pangani, kwa kuwa umemsomesha hadi chuo kikuu naye kaishia kukaanga vitumbua. Simrudishi, na usininunie.

Jana mwalimu wa shule ya msingi ya hapa alileta darasa zima kibandani kwa mwanao, wajifunze ujasiriamali. Siku hizi wanausoma tangu wadogo. Zuhura akaepua kitumbua cha kwanza, akampa bure mtoto aliyesimama mbele. Binti mmoja akauliza, "Dada, si utapata hasara?"

"Huyu akirudi nyumbani atamsumbua mamake," Zuhura akamjibu. "Kesho watakuja wawili."

Mwalimu akacheka, akatoa daftari. "Hilo halimo kwenye kitabu chetu. Umelisoma chuoni?"

"Hapana, mwalimu. Kwa mama. Mie nilikuwaga napepea moto wake."

Kisha akainamia kikaango kama aliyeingiwa na moshi machoni. Moshi wa wapi, mwanangu, na jiko lenyewe ni la gesi.

Mimi sikukanyaga shule, lakini namjua mtoto anayemlilia mamake. Anadhani unamwonea haya. Mpigie simu leo, umuulize vitumbua vinaumuka vipi na mvua hii. Vyake vitamu kuliko vyako, ila hilo usimwambie.

Mola akuweke, na ule ushibe.

Mama yako