Shati la Kutua Peke Yake

Chumba cha pili,
Nyumba za nyuma ya karakana.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Wifi na wanangu hawajambo? Kile kikohozi kimekuachia? Mimi na Mama tu wazima wa mwili. Kwa mengine, kaa chini kwanza.

Mpwa wako ameanguka na ndege. Yu hai.

Alhamisi ndiyo aliyorusha ndege bila mwalimu kwa mara ya kwanza. Shuleni kwao mwanafunzi akishatua peke yake, mwalimu humkata shati mgongoni, kitambaa kikabandikwa ukutani. Basi nikapiga pasi shati jeupe ili likakatwe, mjinga mimi, nikaenda kusimama kwenye uzio.

Alikuja kwa kasi mno. Magurudumu yakagonga lami, ndege ikadunda. Hapo angeongeza moto tu apae tena. Yeye kwa hofu akasukuma usukani mbele, akaipigiza chini. Ikadunda juu zaidi. Mara ya tatu gurudumu la mbele likang'oka, pangaboi likachimba lami, vipande vikaruka mpaka uzioni, ndege ikabinuka tumbo juu. Tangu siku hiyo sufuria ikianguka nashika ukuta.

Na alikuwa mzima, ndugu yangu. Ananing'inia kichwa chini kwenye mikanda, damu ya pua tu. Akanusa mafuta yanavuja, akafungua mkanda kabla ya kushika chochote, akaangukia shingo na mgongo. Ndege haikumvunja. Alijivunja kwa kutaka kutoka.

Hospitalini nesi alilikata shati kwa mkasi. Mwalimu wake akaja, akaomba kipande cha mgongoni, eti kutua ni kutua. Nikamzaba kofi mbele ya wagonjwa. Nikamwongeza la pili, pete yangu ikamchana mdomo. Hakujikinga, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

Mpwa wako akafumbua macho. "Mpe bwana, mama. Si nimetua?"

Nimelifua, damu imegoma kutoka. Jana nilikipeleka kipande kile mwenyewe, nikakipigilia misumari kwa nyundo, nusura niubomoe ukuta wao.

Daktari ameniambia mimi tu: miguu ndiyo basi tena. Yeye anadhani ganzi ni ya dawa, ananiuliza atapewa ndege gani akitoka. Kila nikifungua mdomo nimwambie, najikuta namgombeza kwa kutomaliza supu. Wewe ndiye uliyembeba mabegani ukimwita Rubani kabla hajaota meno. Njoo umwambie wewe. Mimi siwezi.

Msalimie sana wifi, na uwakumbatie wanangu. Mama anakuombea njia iliyonyooka na moyo mgumu, nami naitikia amina.

Njoo kwa basi.

Ni mimi akupendaye, pamoja na ukali wangu,
Dada yako.