Chonge za Olga

Kambi ya wakimbizi ya Nakivale, upande wa Base Camp
Jumatano

Yaya Viviane, dada yangu mpendwa,

Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, wewe na cherehani yako, na kwamba ule mgongo uliokusumbua tangu Pasaka umekubali kukuacha. Nisalimie majirani wa Biharwe, na wale wake za askari wa Makenke wanaokuletea kitambaa Ijumaa na kutaka gauni Jumapili. Huku sisi tuko. Mvua imechelewa, maharagwe yamesimama shambani kama watu wanaosubiri mgao, lakini tuko. Mwanao Olga, uliyetuachia huku, ni mzima ukiacha habari ya mdomo wake, ambayo ndiyo imenikalisha kuandika. Mama mkwe wako, Mama Ancilla, ni mzima pia, ingawa najua hukuuliza.

Utashangaa kwa nini sikupiga simu. Nimeandika kwa sababu nina hasira, na kwenye simu hasira inakuwa yako peke yako, mimi ninabaki na kazi ya kusema ndiyo yaya, ndiyo yaya, mpaka salio liishe. Karatasi haikatiki. Hata ukiichana utakuwa umeshasoma mistari miwili mitatu.

Ujumbe wako Elisée aliufikisha Jumapili, nje ya kanisa, mbele ya watu. Unamjua, akipeleka mahindi Mbarara hawezi kurudi na gunia tupu, lazima alijaze maneno. Alisema mwisho wa mwezi huu unakuja kumchukua Olga akaishi nawe Biharwe, na kwamba yule mzee aliyemharibu mwanao mdomo asimguse tena, hata kumsuka nywele asimsuke. Akaongeza kwamba umesema Warundi wana mikono ya kuchinja. Mama Ancilla, Mrundi mwenyewe, alikuwa amesimama hatua tatu kutoka hapo. Alikaza kitambaa cha kichwa, akamwuliza Elisée kama njiani kulikuwa na vumbi jingi.

Elisée alikupa nusu ya habari, yaya. Nusu nyingine ninayo mimi, na nimekaa nayo kwa muda mrefu kuliko unavyofikiri. Ngoja nianze na hii ya juzi.

Mwezi uliopita walikuja watu wa utafiti kutoka Mbarara, wa chuo ambacho jina lake liliandikwa kwenye fulana zao kwa herufi ndogo kuliko jina la waliotoa fulana. Walitaka kujua magonjwa ya kinywa kwa kila rika. Wakatafuta mtu mwenye Kiswahili chetu cha Kongo, Kirundi, Kifaransa, na Kiingereza cha kutosha kuelewa anapokemewa. Wakanipata mimi. Kwenye uwanja wa shule waliweka kiti cha plastiki, daktari anachungulia kwa kioo kidogo chenye mkono, anataja anachokiona, mimi nauliza maswali na kujaza fomu.

Daktari mwenyewe anaitwa Natukunda, mama wa Kinyankore mwenye mkono mwepesi. Kiswahili alikipata kwa baba yake aliyekuwa askari, kwa hiyo hata akikubembeleza unahisi umekamatwa. Wewe keti. Fungua mdomo. Hakuna mtu ya kukuua hapa. Huyo simchukii, na utaona kwa nini.

Kilichonichoma ni fomu. Ilitaka watoto wa miaka mitano, wa kumi na miwili na wa kumi na mitano, kisha watu wazima wa thelathini na mitano hadi arobaini na minne, halafu wazee wa sitini na mitano kwenda juu. Ukiwa katikati ya hapo, meno yako hayana faida kwa elimu. Na umri wa huku unaujua: nusu yetu tulizaliwa tarehe moja Januari, kwa sababu karani aliyetuandikisha alikuwa na haraka. Venuste, yule fundi viatu, alikuja na shavu limevimba kama ameficha kiazi, akaambiwa miaka hamsini na miwili haimo. Akakaa pale pale kwenye jua mpaka saa nane mchana. Basi nikamwandika arobaini na minne. Daktari alipomwangalia akasema huyu kijana anatembea na mdomo wa babu yake. Wakahesabu yaliyooza, saba, wakaandika saba, wakampa mswaki.

Nilimfuata kiongozi wao, bwana mwenye kalamu tatu mfukoni, nikamwuliza lile jino la Venuste litang'olewa lini. Akanijibu kwa upole sana, upole wa mtu anayemweleza mtoto, kwamba wao hawatibu, wanatafiti. Matibabu ni mradi mwingine, bado unaandikwa. Yaya, ile fomu ina kurasa sita na nimeisoma mbele na nyuma. Wanauliza unapiga mswaki mara ngapi kwa siku, na watu wote walijibu mara mbili, hata wale wasio na mswaki. Wanauliza juu ya soda, juu ya miwa, juu ya choo cha nyumbani. Fasi ya kuuliza kama linauma, haipo. Mzee mmoja asiye na jino hata moja naye alipewa mswaki. Anausafishia redio.

Siku ya tatu ilikuwa ya watoto wa miaka kumi na miwili, na Olga alikuwa kwenye mstari. Alikaa, akafungua mdomo, daktari akaweka kioo chini. Akapapasa taya kwa nje, kushoto, kulia, akarudi kushoto. Akasema hii si kuoza, hapa mtu alichimba. Chonge za chini hazipo, zote mbili. Ya kushoto imelala ubavu ndani ya mfupa na inasukuma mizizi ya wenzake, ndiyo maana kuna uvimbe mgumu kwenye ufizi. Ya kulia haikuota kabisa. Mtoto amekuwa akifunika mdomo kila anapocheka, na sisi tulimsifu kwamba ana haya. Daktari akamwandikia karatasi ya kwenda hospitali Mbarara, apigwe picha, apasuliwe. Karatasi hiyo haikuwa ya utafiti, aliitoa kwenye mkoba wake mwenyewe.

Wewe unajua kilichotokea kwenye ufizi ule, au unadhani unajua. Ulipotoka kliniki miaka ile ukamkuta mtoto ana vidonda viwili mdomoni, uliambiwa alichimbwa meno ya plastiki, yale ambayo watu wanasema ndiyo yanayoharisha watoto wachanga, meupe kama funza. Ukaambiwa yataota mengine. Hayakuota. Kumbe kile kinachochimbwa si funza wala plastiki, ni mbegu ya chonge yenyewe.

Olga hakuwa peke yake. Katika watoto sitini na mmoja wa rika lake, kumi na tisa walikuwa na mapengo ya namna hiyo. Yule bwana wa kalamu tatu akafurahi, kwa namna ambayo watu wa utafiti wanafurahi, akaagiza walezi waitwe waseme nani alimpeleka mtoto kuchimbwa. Mama wa kwanza akajibu, ni koko yake njo alimupeleka, nikaandika bibi. Wa pili, koko yake. Wa tatu, koko yake, lakini alibaki Uvira. Kumi na nane wote ni koko. Kwa mtoto mmoja alitajwa koko ambaye, kwa tarehe walizonipa wenyewe, alikufa miaka miwili kabla mjukuu hajazaliwa. Mimi naandika tu. Hakuna mama aliyeshika mtoto wake, hakuna baba aliyemwita mchimbaji, hakuna mjomba. Vikongwe peke yao waliinuka usiku na mchana wakachimba kambi nzima.

Mama Ancilla alikuwa wa mwisho. Nilimwuliza kwa Kirundi, na sikumwangalia. Yeye aliniangalia mimi, kwa muda, mpaka bwana wa kalamu tatu akatazama saa yake. Kisha akasema, andika mimi. Nikaandika.

Orodha ya walezi ikapelekwa Base Camp, kwenye ofisi inayoshughulika na watoto. Akaitwa mara tatu. Wakamkalisha kwenye benchi, mzee wa miaka sabini, akafundishwa na msichana ambaye bado hajazaa namna ya kupenda mtoto. Akaambiwa likitokea jambo lingine Olga ataondolewa kwake. Elisée alikuwa kwenye ofisi ya jirani akifuatilia kibali chake cha kutoka, akasikia, akakuletea. Hiyo ndiyo nusu uliyopata.

Sasa keti, yaya. Kama uko kwenye cherehani, toa mguu.

Si yeye. Ni mimi.

Ulikuwa umelazwa kliniki siku tisa na ile malaria iliyokupanda kichwani. Marehemu mumeo Régis alikuwa Mbarara anatafuta kazi. Olga alikuwa na miezi mitano, tumeachiwa mimi na Mama Ancilla. Siku ya tatu ya kuharisha macho ya mtoto yakaanza kuingia ndani. Majirani wakasema achimbwe. Mama Ancilla akakataa. Alisema kwao Burundi alishazika mtoto wake mmoja kwa ajili ya spoki ya baiskeli ya kuchimbia meno, hatazika mjukuu. Alikuwa anampa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, na asubuhi hiyo akaondoka kwenda kupanga foleni ya dawa.

Alipoondoka nikamwita Kabanda. Si Mrundi, yaya. Ni Kabanda wa kwetu, Mkongomani mwenzetu wa nyumba ya nne, yule aliyejiita daktari na ambaye nasikia siku hizi anauza miwani Kampala. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimesoma nusu ya kitabu cha huduma ya kwanza, na nilikuwa na hakika kwamba mwanamke asiyejua kusoma hawezi kunizidi. Kabanda aliifuta ile spoki ya baiskeli kwenye shati lake. Mimi nilishika miguu, halafu akaniambia nishike kichwa, nikashika kichwa. Mpaka leo najua kichwa chake kilivyokuwa na joto.

Mama Ancilla alirudi dawa ikiwa mkononi. Hakupiga kelele. Alimchukua mtoto, akabana kitambaa kwenye ufizi mpaka damu ikasimama, kisha akanipiga kofi moja, la pekee alilowahi kunipiga. Ndipo akasema nisikuambie. Alisema wewe ni mgonjwa na katika watu wote wa kwenu nimebaki mimi tu, ukinichukia mimi utabaki na nani. Yeye ni mama mkwe, ukimchukia hakuna atakayeshangaa. Sema ni mimi, akasema. Nikasema. Ukaja, ukamtukana mlangoni mwake, mimi nimesimama nyuma yako nimebeba mkoba wako wa kliniki.

Miaka kumi na miwili, yaya. Nimekula sahani zake, na hajanikumbusha hata mara moja, hata siku ambazo nilimjibu vibaya. Ndiyo hasira yangu hiyo. Nilianza kuandika nikidhani ni ya wale wa mswaki, na ya Elisée, na yako kwa lile neno la mikono ya kuchinja. Kila mtu nimempa sehemu yake na bado imebaki nyingi, na yote ni yangu.

Jana nilikwenda Base Camp nikamwambia yule msichana ukweli. Aliandika, akauliza kwa nini leo, nikamwomba afute kwanza jina la Mama Ancilla. Nikampigia pia bwana wa kalamu tatu ili arekebishe fomu. Akasema utafiti umeshafungwa, na hata usingefungwa, kwenye swali hilo majibu ni mama, baba, bibi au mganga. Mjomba hayumo. Olga nilimwambia mwenyewe. Aliniuliza kama alilia sana, nikasema ndiyo. Tangu hapo ananiwekea sahani bila kuniangalia, na ana haki.

Hospitali ya Mbarara, jirani na kwako, wamempangia Olga Jumanne kupigwa picha na Jumatano kupasuliwa, kwa hiyo lazima walale kwako kuanzia Jumatatu. Nimesema walale, kwa sababu Olga amekataa kufungua mdomo kwa mtu yeyote kama koko yake hamshiki mkono. Na koko yake alikataa kwenda, alisema hawezi kukanyaga nyumba ya mtu asiyetaka kumwona. Sikupata njia nyingine. Nilimwambia umempigia simu, umemwita wewe mwenyewe kwa jina, umesema njoo mama. Akaenda kufua kile kitenge chake cha Krismasi. Sasa hivi kiko kwenye kamba.

Huo ni uongo wangu wa pili kati yako na yeye. Wa kwanza uliuamini. Huu nakuomba uufanye ukweli, Jumatatu jioni watakapobisha hodi. Mimi nitakuja mwisho wa mwezi, siku ile uliyopanga kuja wewe, na utanifanya unavyotaka.

Barua hii anakuletea Concilie, si Elisée, na imegundishwa. Nisalimie wote wa nyumba yako, na yule jirani anayekusaidia kuchota maji. Mungu akulinde mgongo na akutulize moyo, kwa zamu atakayoona inafaa.

Ni mimi mdogo wako,
Kalume