Mbio za Wodi ya Wazazi

Rahabu mjukuu wangu,

Marahaba, najua umeniamkia. Tangawizi imeota vizuri, ila mimi sikai wala silali tangu niliposikia utakimbia mbio ndefu za Moshi ili watu wachangie wodi ya wazazi ya huku mlimani. Kwani matajiri hawatoi mpaka wakuone unahema? Haya.

Baada ya kukuzaa, mama yako alitufia njiani tukimshusha hospitali ya Same kwa machela. Sitaki wa pili wa njiani.

Jumapili ukianza kukimbia, huku litapigwa baragumu la kutuita kwenye msaragambo, kijiji kizima tusombe kwa pamoja mawe ya msingi wa hiyo wodi. Kwa hiyo ukizidiwa, keti chini. Jiwe lako nitakuwa nimeshalibeba.

Ni mimi bibi yako. Rabia wa dukani ameshika kalamu tu.