Mungu Aliyelala Kwenye Kalenda

Alhamisi, jioni. Kariakoo imefuka joto siku nzima. Mawingu yamejaa tangu asubuhi na mvua yenyewe hainyeshi.

Nimechoka. Nalisema hili mwanzoni ili lisinisumbue huko mbele.

Huu ni mwezi wa tatu tangu mume wangu apatwe na kiharusi. Usiku naamka kumgeuza, mchana nauza vitambaa vya pazia, na kesho jumuiya yetu ya kanisa inasali nyumbani kwangu. Zamu ya kufundisha ni yangu pia. Somo: Yesu ni Mungu. Mwenyekiti wa jumuiya alisema nimepata somo rahisi.

Dukani nina kalenda ya kanisa. Picha ya mwezi huu ni Yesu amelala chomboni, dhoruba imechachamaa, wanafunzi wake roho mkononi. Jirani yangu Bi Mwanaidi, muuza kanga, aliiona leo alipokuja kuniaga anakwenda kuswali adhuhuri. Ndiyo desturi yetu, mwaka wa kumi na moja huu: akienda msikitini nalinda duka lake, nikienda ibadani analinda langu. Mambo ya dini hatuulizani.

Leo akauliza.

"Mama Neema, usinielewe vibaya. Si ndiye huyu mnayesema Mungu? Mbona kalala? Mungu hasinzii wala halali, shoga."

Hakuwa na kejeli. Nikafungua mdomo nimjibu kama mwalimu, nikaangua kilio. Mtu mzima mimi, mbele ya wateja.

Aligusa jambo ambalo sijamwambia mtu. Siogopi kwamba Yesu si Mungu.

Naogopa kwamba ni Mungu, na amelala.

Bi Mwanaidi alinipangusa machozi, akaenda kuswali. Aliporudi kutoka msikitini alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya duka, akatandika kanga juu ya majora ya vitambaa. "Lala. Duka nalitazama mimi."

Nililala fofofo. Nilipoamka, alasiri ilishapita na kalenda ilikuwa imegeuzwa, picha inatazama ukuta.

"Nisamehe," akasema, "nimemgeuza kidogo nikaswali alasiri hapahapa. Ningekuachaje?" Kisha akairudisha, akainyoosha vizuri kuliko nilivyoitundika mimi.

Nikaitazama upya. Mwezi mzima nimekuwa nikiyaangalia mawimbi tu. Leo nimeona uso wake. Kachoka kwelikweli, mdomo wazi kidogo, kama mimi pale juu ya majora.

Bi Mwanaidi haamini kwamba huyo ni Mungu, na hataamini kwa sababu ya machozi yangu. Mimi naamini bado. Nimeshangaa kujikuta naamini.

Kesho nitafundisha. Nitasema Yesu ni Mungu, na kwamba alichoka mpaka akalala maji yakiingia chomboni. Wakiniuliza inawezekanaje, nitasema sijui.

Baba Neema ananiita, lazima nikamgeuze. Nikisinzia kesho katikati ya somo, wanajumuiya watacheka.

Yeye aliyelala chomboni ataelewa.