Kiapo Nilichomwapia Mrisho

Kerege, njia ya Bagamoyo,
14 Machi 1954.

Mpendwa Dada Mardhiya,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima huko Mombasa, wewe na wote wa nyumbani mwako. Je, magoti yanakuruhusu kusali wima siku hizi? Sisi uzima tunao, alhamdulillahi, na mihogo imeshika. Raha ndiyo hatuna.

Mdogo wetu Mrisho bado yuko hospitali ya wenye wazimu. Mwaka jana alikuja daktari mmoja Mzungu, wa namna ya peke yake. Hafungi mtu. Huvuta kiti akakaa na Mrisho saa nzima, kila siku, anamsikiliza. Aliniambia maneno ya mwenye wazimu yana mzizi, na mara nyingi mzizi uko utotoni. Basi nisimbishie, wala nisimkatize kwa dua. Nilicheka moyoni. Lakini dada, Mrisho aliyekuwa akisema na ukuta tu, alianza kunijua! Hata akanitania: "Dada Mwanamkasi, mbona umenenepa? Mihogo yote unaila wewe?" Nililia kwa furaha.

Ndipo siku moja akaniuliza, daktari yupo: "Dada, ni kweli mama alinitupa jaani?"

Wewe unajua. Ndugu zetu watatu waliomtangulia walikufa wachanga, ndiyo maana siku yake ya saba alilazwa jaani, jirani yetu Bi Mina akamwokota na kuturudishia, ili kifo kimdhanie si wetu, kimpite. Yalikuwa mapenzi yale. Lakini mimi niliposikia "alinitupa", niliona mama anasimangwa kaburini. Nikaapa: "Wallahi, hakuna kitu kama hicho. Hayo ni maradhi yako."

Mrisho akaugeukia ukuta. Daktari akafunga daftari lake.

Siku ya pili nilimweleza daktari kweli yote. Hakunigombeza. Alisema Mrisho alikuwa ameanza kukiamini kichwa chake, nami nimemwambia kinamdanganya, nikamwambie kweli. Nimemwambia, dada, sijui mara ngapi. Kwa kiapo kile nimefunga siku tatu, na Mungu ni mwingi wa kusamehe. Daktari naye anahamishwa mwezi ujao.

Alhamisi nilikwenda tena, nikamweleza Mrisho habari ya jaa na Bi Mina tangu mwanzo. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza. Kisha akasema: "Shikamoo, bibi. Huyo ndugu yako unayemtafuta hayumo humu."

Usifunge safari, dada. Utachoka bure.

Nisalimie Shemeji Abdullatif, na Kulthum umbusu. Mungu akuhifadhi, akupe watu wa kukujua mpaka siku yako ya mwisho.

Mimi nduguyo nikupendaye,
Mwanamkasi