Kivinjari Nilichokitafsiri Sasa Kinagawiwa Bure

Shangazi Stoyna, nakuandikia wewe unayejibu barua za wasomaji gazetini kwa kuwa kila ninayemweleza jambo hili anacheka, nami sioni cha kucheka.

Nina miaka ishirini na sita, nafanya kazi katika maktaba ya mji hapa Gabrovo, na kwa miaka mitatu nimekuwa nikikitafsiri kwa Kibulgaria kivinjari cha intaneti kiitwacho Tirnel, cha kampuni moja ndogo ya nje, kwa kujitolea, kila menyu na kila onyo, sentensi elfu moja na mia mbili, na kuna neno moja lililonichukua siku nne. Anayekitumia bure hukaa na utepe wa matangazo juu ya ukurasa, saa na viatu vikimetameta machoni. Anayetaka kuuondoa hulipia, ila sisi wafasiri tulipewa namba ya kuufuta kama shukrani. Shangazi, nilijivunia namba ile kuliko shahada yangu. Nilikuwa nikiwasha kompyuta mbele ya watu, ukurasa mweupe, safi, na moyoni nasema: hiki nimekistahili.

Wiki iliyopita Tirnel kilitimiza miaka kumi, na kampuni ikatangaza kwamba kwa siku hiyo moja, yeyote atakayeomba atapewa namba bure. Yeyote! Kaka yangu Rumen, anayesimamia ukumbi wa intaneti, na ambaye siku zote ametumia namba ya wizi, alinipigia simu kazini.

"Dada, pole na msiba."

"Msiba gani?"

"Miaka mitatu umelima, mimi niliiba kwa dakika mbili, leo tunakula sahani moja. Na katika Gabrovo hii, inayochekwa Bulgaria nzima kwa ubahili, wewe ndiye mtu wa kwanza kuumwa na cha bure!"

Nilimkatia simu. Usidhani nakitetea kivinjari hiki kwa upofu, Shangazi. Maktabani tuna vitatu na nimevipima kwa saa mkononi. Kile kilichokuja na kompyuta hufungua kila tovuti, hata ya benki, lakini hunasa virusi kama koti la sufu linavyonasa manyoya ya paka. Kile kipya wanachokisifu vijana ni imara, na ukikiongezea vikorombwezo hufanya lolote, ila kwenye kompyuta zetu kuukuu hukoroma. Tirnel hufungua ukurasa kabla hujamaliza kuvaa miwani, hata kwa laini ya simu, na umeme ukikatika hukurudishia kurasa zako zote kama ulivyoziacha, ingawa, nakiri, tovuti ya benki hukigomea. Bibi Genka, anayekuja kutumia kompyuta zetu, ambaye binti yake anachuma stroberi Uhispania na huandikiana naye kila Jumanne, hataki kingine. "Hiki kinaongea nami kama jirani," husema. "Vile vingine vinanikaripia."

Toleo jipya linatoka Ijumaa ya wiki ijayo. Nisipopeleka tafsiri, Kibulgaria kitaondolewa, maana hakuna mfasiri mwingine wa lugha yetu. Barua ya kujitoa nimeshaiandika, bado kuituma tu, na kila nikitaka kuituma najiuliza kama nilichokipenda ni kazi yenyewe au ni kuwa na namba ambayo wengine hawana. Niache au niendelee?

Mfasiri, Gabrovo

*

Binti yangu,

Mtu akifanya kazi kimya kimya miaka mitatu, asipewe kitu ila namba, namba hiyo huwa medali. Kuumia si dhambi. Lakini kumnyang'anya Bibi Genka jirani yake kwa sababu wengine wamepata ulichopata wewe, huo ni uchoyo, na uchoyo wa Gabrovo tuuache kwenye vichekesho.

Hebu niambie, siku yako ya kuzaliwa unafanya nini kazini? Unapitisha boksi la chokoleti meza kwa meza, kama sisi sote, maana kwetu mwenye siku ndiye anayelisha wengine. Umewahi kumwona aliyeoka keki akisimama mlangoni kukagua nani kastahili kipande? Kampuni imetimiza miaka kumi, ikapitisha boksi. Kosa lako ni kujipanga foleni na wageni, ukapima kipande chako na cha Rumen. Wewe ulikuwa jikoni, mama! Kila Mbulgaria aliyekipokea siku ile alikifungua akakuta maneno yako. Sahani moja na Rumen kivipi? Rumen hana hata neno moja mle ndani.

Kwa hiyo, futa barua hiyo leo, wala usiiweke akiba. Tafsiri ipeleke Jumatano, usingoje Ijumaa. Kaka yako mpe maonyo yote ayasome kwa sauti akutafutie makosa. Mwenye mdomo mrefu apewe kazi ya mdomo.

Na jambo moja zaidi. Umeniandikia barua ndefu namna hii na hukuweka jina. Naapa hata kwenye kivinjari, pale wanapotajwa waliokitengeneza, hujaliweka. Liweke. Yote matatu, lako, la baba yako na la ukoo, kama kwenye cheti cha shule. Kisha, Jumanne ya kwanza baada ya toleo jipya kutoka, mwite Bibi Genka alisome kabla ya mtu mwingine yeyote.

Shangazi Stoyna